UZI: Saikloni ya kufyonza vumbi la mbao kwa karakana ya nyumbani, vipimo vya Dodoma

#1 Randa_Kizota

Habari za jioni wakuu.

Michoro mingi ya saikloni (chombo cha bati kinachozungusha hewa ili vumbi lidondoke pipani) iliyojaa mtandaoni imechorwa kwa ajili ya Marekani: umeme wa 60 Hz, karakana inayofungwa milango kwa sababu ya baridi, mabomba ya saizi ambazo madukani kwetu hazipo. Ukiifuata mstari kwa mstari hapa Dodoma unaishia na kelele nyingi na mnyonyo kidogo. Naweka vipimo vilivyopigiwa hesabu upya kwa mazingira yetu. Wataalamu wa bati na umeme wajazie nyama.

Walengwa ni wenye msumeno wa meza, randa ya umeme na mashine ya msasa, wanaowasha mashine moja kwa wakati. Mwenye mashine tatu zinazofanya kazi pamoja anahitaji mtambo mkubwa zaidi ya huu.

Bomba kuu ni PVC ya maji taka ya mm 110. Ili maranda yasitue njiani, hewa iende kasi ya mita 20 kwa sekunde, ambayo kwa bomba hilo ni takriban mita za ujazo 600 kwa saa. Usidanganyike kuweka bomba la mm 160 ukidhani utapata mnyonyo zaidi. Kwa blowa (feni ya kuvuta hewa) ileile kasi itashuka, na unga utalala sakafuni mwa bomba.

Umbo la saikloni nimechukua uwiano wa mtafiti Stairmand wa mwaka 1951, ambao bado ndio msingi wa saikloni nyingi za vumbi laini. Kila kipimo kinatokana na kipenyo cha mwili. Kwa kipenyo cha mm 320 unapata hivi:

- mdomo wa kuingilia hewa: kimo 160, upana 64
- bomba la katikati la kutolea hewa: kipenyo 160
- silinda ya juu: urefu 480
- koni: urefu 800
- tundu la chini la kudondoshea: 120

Kwa nini 320 na si 280, wakati hesabu ya eneo la mdomo ingekubali 280? Kwa sababu mbili. Saikloni hula shinikizo takriban mara 6.4 ya shinikizo la kasi ya hewa pale mdomoni, na kasi hiyo inaingia kwenye hesabu kwa mraba wake. Kwenye 280 mdomo unapitisha hewa kwa mita 21 kwa sekunde, na saikloni peke yake inakula zaidi ya paskali 1,300. Kwenye 320 kasi inashuka hadi 16 hivi, na ulaji unakuwa chini ya 900. Blowa ya nyumbani itashukuru. Sababu ya pili ni nyepesi: bomba la katikati linakuwa PVC ya 160 ya dukani, hulitengenezi.

Bomba hilo lishuke ndani ya silinda mm 180. Stairmand anasema nusu ya kipenyo, yaani 160, lakini hapo ncha yake inakuwa usawa mmoja na sakafu ya mdomo, na upungufu mdogo wa kipimo unaacha vumbi likatishe moja kwa moja kwenda nje. Hizo 20 za ziada ni kinga.

Blowa ikae BAADA ya saikloni, ivute. Ukiiweka kabla, kila kipande cha mbao na kila msumari vinagonga mapanga ya impela, lile gurudumu linalozunguka ndani ya blowa.

#2 BatiGeji24

Mkuu umeanza vizuri. Acha niseme ya bati.

Nunua bati tambarare la mabati la geji 24, shiti moja ya futi 4 kwa 8. Inatosha koni, silinda, mfuniko na mdomo. Geji 28 na 30 za kuezekea zinabonyea zikivutwa, na koni ikibonyea mzunguko wa hewa unavurugika.

Koni ndiyo inayowashinda wengi. Ifungue hivi: nusu kipenyo cha juu ni 160, cha chini 60, urefu 800. Urefu wa mteremko unakuja 806. Kwenye karatasi bapa unahitaji tao mbili zenye kitovu kimoja, kubwa ya nusu kipenyo 1,290 na ndogo ya 484. Pembe ya kipande ni nyuzi 44.65. Usihangaike na protrakta. Kitovu kitaangukia nje ya bati, kwa hiyo laza bati sakafuni, weka ubao wa unene wowote pembeni yake, piga msumari kwenye ubao, chora tao kwa waya usiovutika. Kamba ya katani inavutika, itakupa tao la yai. Kisha piga mstari wa kati, na kutoka kwenye mstari huo pima kwa pembe mraba mm 490 kila upande hadi kwenye tao kubwa, na mm 184 kila upande hadi kwenye tao ndogo. Unganisha alama. Ongeza mm 12 upande mmoja kwa ajili ya mshono.

Kabla hujakata, laza futi ya kitambaa juu ya tao lenyewe: kubwa isome 1,005, ndogo 377. Zisiposoma hivyo, rudia mchoro. Bati lililokatwa halirudi.

Silinda ni kipande cha 1,025 kwa 500. Hizo 20 ni mshono, na urefu wa ziada ni wa kuingia kwenye koni.

Mambo matatu ya mshono ambayo fundi wa gata anayajua lakini hawezi kukufanyia usipomwambia:

Kipande cha juu kiingie NDANI ya kipande cha chini. Ukigeuza, unatengeneza ngazi ya kukamata vumbi kuzunguka duara zima.

Mshono wa wima, ukingo ulioko ndani uelekee hewa inakokwenda, usiipinge.

Riveti kila mm 40, kichwa laini kiwe ndani, mkia nje. Halafu silikoni kutoka nje. Silikoni iliyovimba ndani ni tuta.

Mdomo sasa. Ukuta wake wa nje uguse ukuta wa silinda kama mstari unaogusa duara, bila kona. Kati ya ukuta wa silinda na bomba la katikati kuna nafasi ya mm 80, mdomo una 64, zinabaki 16. Mdomo ukiingizwa kuelekea katikati hata kidogo, hewa inapiga lile bomba badala ya kuzunguka. Kipande cha kutoka duara la 110 kwenda mstatili wa 160 kwa 64 kiwe na urefu usiopungua mm 300. Cha ghafla kinakula mnyonyo.

Na wale wanaouliza kama kusini mwa ikweta saikloni izungushwe kinyume: haina uhusiano wowote. Chagua upande ambao bomba lako linatokea.

#3 Dada_Patasi

Asanteni kaka zangu. Swali: kwa mtu asiye na blowa, anayefanya msasa na ruta tu, haiwezekani kutumia vakyumu klina ya nyumbani na ndoo ya rangi ya lita 20?

#4 Randa_Kizota

Inawezekana dada, na kwa msasa ni bora kuliko mtambo wa uzi huu. Ila elewa tofauti. Vakyumu klina inavuta kwa nguvu nyingi hewa kidogo. Blowa inavuta kwa nguvu ndogo hewa nyingi. Mashine ya msasa ina tundu dogo, inataka nguvu. Randa inamwaga maranda kwa ndoo, inataka hewa nyingi. Ukiunga vakyumu kwenye randa itaziba mara moja, na ukiunga blowa kwenye hozi ya mm 35 ya msasa hupati kitu.

Vipimo vya #1 havikuhusu basi. Saikloni ya vakyumu ni ndogo, mwili wa kama mm 100 hadi 120 kwa uwiano uleule, na bomba la katikati linakuwa la mm 50 hadi 60.

Tatizo lako litakuwa ndoo. Vakyumu nzuri hozi ikiziba inafikia paskali 20,000. Mfuniko wa ndoo ya lita 20 una kipenyo cha sentimita 29 hivi, kwa hiyo unabeba uzito sawa na kilo 135. Ndoo inajikunja mbele ya macho yako. Tumbukiza ndoo moja ndani ya nyingine, mfuniko uongeze duara la plaiwudi ya mm 12 lililofungwa kwa boliti, na usiiache hozi ikiwa imeziba. Mbili zikiwa pamoja zinahimili matumizi ya kawaida.

#5 UmemeWaIpagala

Naingia kwenye mota, maana hapa ndipo michoro ya nje inapowapoteza watu.

Mota ya nguzo mbili kwa 60 Hz inazunguka karibu 3,450 kwa dakika. Kwa 50 Hz ya TANESCO ni 2,850 hadi 2,900. Impela ileile kwetu inazunguka kwa asilimia 84 tu ya kasi ya mchoro. Hewa inapungua kwa uwiano huohuo, lakini shinikizo linapungua kwa mraba, linabaki kama asilimia 70. Ongeza kwamba Dodoma tuko mita 1,100 na zaidi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kwa asilimia 10 hivi, na shinikizo linashuka tena kwa kiasi hicho. Impela ya mm 300 inayosifiwa kwenye michoro itakupa hapa takriban paskali 1,600 ukiwa umefunga kila kitu. Mfumo wa mkuu Randa, nikijumlisha saikloni, mita sita za bomba, kona na hozi, unataka karibu hizo 1,600 hewa IKIWA inapita. Haitoshi. Chukua impela ya mm 350. Hiyo inafikia 2,100 hivi.

Mota HP 2 (kW 1.5), fezi moja. Sakiti breka yake peke yake, amp 20 aina C, waya wa 2.5 mm² moja kwa moja kutoka kwenye bodi. Si ekstensheni. Mota za namna hii hula amp 9 hadi 10 zikiwa na mzigo kamili. Kwa LUKU hesabu uniti moja na nusu hadi mbili kwa saa.

Kitu kinachowashangaza wengi: feni ya aina hii inakula umeme mwingi pale hewa inapopita KWA WINGI, na kidogo ukiziba. Kwa hiyo usijaribu blowa mezani ikiwa haina bomba lolote, ukaiacha inguruma. Hapo ndipo inapozidiwa na kuungua. Ukishafunga mabomba, shika waya mmoja kwa klampu mita huku geti moja (kizibo cha kuteleza cha kufunga bomba la kila mashine) likiwa wazi. Ikizidi amp zilizoandikwa kwenye kibao cha mota, punguza hewa kwa kuliziba geti kidogo au punguza upana wa impela.

Usiwashe na kuzima kila unapokata ubao mmoja. Kapasita ya kuanzishia na swichi yake ndani ya mota hufa kwa kuwashwa mara kwa mara, si kwa kukimbia muda mrefu.

Mwenye fezi tatu: feni ikizunguka kinyume bado inatoa hewa upande uleule, ila dhaifu. Usiseme "inavuta, basi iko sawa". Angalia mshale. Ikiwa kinyume, badilisha fezi mbili.

#6 Mninga Mkavu

Mimi napingana na kitu kimoja ambacho hakijasemwa bado lakini kinakuja: kuacha filta. Kila mchoro una filta ya mikunjo ya bei ya kutisha. Bila filta saikloni haina maana, vumbi laini linarudi ndani ya karakana.

#7 Randa_Kizota

Mkuu Mninga, vumbi laini ni kweli linapita. Saikloni ya nyumbani inakamata vizuri chembe za maikroni 10 na kuendelea. Zilizo chini ya hapo, ambazo ndizo zinazofika kwenye mapafu, sehemu yake kubwa inaponyoka. Na si mzaha: IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, iliweka vumbi la mbao kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani mwaka 1995, saratani ya pua na mapango ya hewa yanayoizunguka (sinasi). Vumbi la mninga lenyewe linawasha pua na kifua.

Lakini jiulize wenzetu wanaweka filta kwa nini. Wakiitoa hewa nje, wanatoa na joto walilolilipia. Sisi tuna joto gani la kulinda? Toa hewa nje. Pesa ya filta weka kwenye blowa nzuri na ufungaji usiovuja. Kwa Dodoma naona hilo ndilo jibu, isipokuwa kama ukuta wa jirani uko mita mbili.

Masharti: tundu la kutolea liwe juu ya usawa wa dirisha, lielekee upande ambao upepo unaondokea. Upepo wetu mwingi unatoka mashariki na kusini mashariki, kwa hiyo ukuta wa magharibi au kaskazini magharibi. Weka kona ya kutazama chini na wavu wa panya. Fungua dirisha upande wa pili, maana mita za ujazo 600 zinazotoka lazima ziingie kwingine. Na MARUFUKU jiko la mkaa kwenye chumba hicho au kile kinachopakana nacho, hata lile la kuchemshia gundi. Mnyonyo utavuta gesi ya mkaa kuelekea kwako.

#8 Mninga Mkavu

Hapo nimekuelewa kwa mwenye kiwanja kikubwa. Mimi naongelea nyumba za kubanana, ukitoa vumbi nje mjumbe anabisha hodi kesho yake.

Kwa hao: filta ya hewa ya lori inafanya kazi, mradi upime eneo lake. Hesabu mikunjo, zidisha kwa kina, kwa mbili, kwa kimo. Mikunjo 180 ya kina cha sentimita 4 na kimo cha sentimita 40 ni mita za mraba 5.76. Kwa mita za ujazo 600 kwa saa usishuke chini ya mita 3.5 za mraba. Na hewa ipite kutoka nje ya filta kwenda ndani, kama kwenye lori. Itie kwenye boksi la plaiwudi. Wengi wanaibandika kwenye blowa kinyume, vumbi linajaa ndani ya mikunjo ambako kompresa haifiki vizuri.

#9 BatiGeji24

Hapo mmekubaliana bila kukubali, haha. Twende kwenye pipa.

Pipa la plastiki la lita 120 lenye mfuniko wa bangili ya chuma. Lile la chuma jembamba linajikunja. Kwa paskali 2,000 mfuniko wa sentimita 40 unavutwa kwa uzito wa kilo 25, kwa hiyo ubebe duara la plaiwudi ya mm 18. Pima dari kwanza: saikloni ni 1,280, weka pipa, weka kona ya juu, unafika mita mbili na ushee.

Pipa likivuja, kila kitu kingine ni bure. Tundu dogo la msumari kwenye mfuniko linaingiza hewa inayopanda katikati ya koni na kubeba unga uliokwisha kutua. Kagua kwa udi: washa blowa, funga mageti yote, pitisha moshi taratibu kwenye kila mshono, bangili na kiungo. Moshi ukivutwa ndani, hapo panavuja. Tumia udi, usitumie karatasi inayowaka.

Kata dirisha la plastiki angavu ubavuni mwa pipa, robo tatu ya urefu. Pipa likijaa mpaka kwenye koni, maranda yote yanakwenda kwenye blowa.

#10 Dada_Patasi

Na mabomba? Mafundi bomba wanapenda kona ya nyuzi 90 na tii.

#11 Randa_Kizota

Wakatalie. Tawi litoke kwa wai (kiungo cha umbo la Y) ya nyuzi 45, likielekea hewa inakokwenda. Panapohitajika 90, unga kona mbili za 45 na kipande kifupi katikati. Kona moja kali ya 90 inakula sawa na karibu mita mbili za bomba nyoofu. Hozi ya mikunjo inakula mara mbili au tatu ya bomba laini, isizidi mita 1.5 pale kwenye mashine. Mageti: vipande viwili vya plaiwudi ya mm 6 vyenye tundu, katikati ulimi wa hadibodi unaoteleza. Acha pembe za njia ya ulimi wazi ili unga utoke, la sivyo geti halifungi mpaka mwisho.

Usigundishe viungo vyote. Skrubu moja na tepu ya alumini, siku bomba likiziba utafungua.

#12 UmemeWaIpagala

Kiangazi hewa ya hapa ni kavu mno, na PVC yenye unga unaopita inajaa umeme tuli. Shoti yake haiui, ila inaweza kukushtua mkono ukiwa karibu na msumeno, na hilo ndilo la kuogopa. Viringisha waya mtupu wa shaba nje ya bomba, unga kwenye mwili wa mashine upande mmoja na kwenye saikloni upande wa pili, kisha kwenye ethi. Saikloni ya bati na mota lazima viwe na ethi hata kama mabomba huyafungi waya.

Moto: hatari ya kweli ni cheche. Grainda ya chuma isiunganishwe kamwe na mfumo huu. Mbao za kubomolea zenye misumari, toa misumari kwanza. Cheche ikilala ndani ya pipa la unga inafuka kwa saa nyingi bila dalili. Mwaga pipa nje jioni.

#13 Randa_Kizota

Naongeza kipimo cha bei ndogo kuliko vyote. Chukua mpira angavu wa levo ya maji wa waashi, kunja kama herufi U ukutani, tia maji ya rangi nusu, ncha moja ingiza kwenye bomba kuu karibu na saikloni. Kila sentimita moja ya tofauti ya maji ni paskali 98.

Mageti yote yakifungwa, kwa impela ya 350 tofauti iwe karibu sentimita 20. Ikisoma 12, impela ni ndogo, inazunguka kinyume, au kuna uvujaji mkubwa. Ikisoma 20 imefungwa lakini randa bado inamwaga maranda chini, tatizo liko kati ya mpira na randa: hozi ndefu, geti halijafunguka, au kofia ya randa yenyewe ina mdomo mdogo. Na ikiwa mnyonyo ni mzuri ila unga unatoka nje kwa wingi, rudi kwenye pipa na udi. Pipa likiwa zima, pima bomba la katikati kama limeshuka zile 180.

Usiutumie mpira huu kwenye vakyumu klina. Itakunywa maji yote.

#14 Dada_Patasi

La mwisho: maranda yakijaa pipani, wafuga kuku wanayataka. Yana shida?

#15 Mninga Mkavu

Maranda ya paini kavu wape. Unga laini wa msasa usiwape, kuku wanaumwa vifua. Ya MDF na plaiwudi tenga, yana gundi. Na mbao za paa zilizotibiwa dawa ya kijani, maranda yake yana arseniki na kromu: si kwa kuku, si kwa jiko, si kwa bustani ya mchicha. Weka pipa la pili kwa ajili ya hayo, badilisha kabla hujaanza kuziranda.